Karatasi Kumi na Moja za Shauri Moyo

Ukiniletea watu kumi na wawili wanaokubaliana kwa kila jambo, sitakupongeza. Nitakuuliza walikutana wapi. Ndivyo nilivyo, na wajukuu wangu hunicheka kwa hilo. Hata harusini, vigelegele vikizidi, mimi hugeuka kumtafuta aliyeanza na kujiuliza amelipwa nini. Kazi ndiyo iliyonifanya hivi, wala sioni haya kusema hivyo.

Ninyi vijana mnaozunguka Buruburu na Eastleigh mkiuliza watu maswali kwa simu, mnabonyeza, mnashukuru, mnakwenda, mmeniomba niwaeleze kazi hii ilikuwaje zamani. Nitawaeleza. Lakini mjue mapema kwamba mtu anayesimulia kazi yake mwenyewe hujipunguzia makosa. Nimeyapunguza mengi katika maisha yangu. Hili moja nitajaribu kulitoa zima.

Miaka ya hamsini nilikuwa karani katika maabara ya kiwanda kimoja cha sabuni, kule Viwandani. Nilikuwa nimetoka Bunyore na cheti cha shule na mwandiko mzuri, nikapata chumba Kaloleni pamoja na mke wangu Rispa. Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Athumani, mzaliwa wa Pumwani, mtu mwembamba mwenye kofia nyeupe isiyojua doa. Penseli yake aliichonga kwa kisu, hakukubali kichongeo, alisema kichongeo kinakula penseli kuliko karani. Juu yetu alikuwapo Mwingereza mmoja, mkemia, ambaye akiwa hayupo tulimwita Bwana Miwani, na akiwapo hatukumwita chochote mpaka aite yeye.

Kazi yetu ilikuwa kujua sabuni ipi inapendwa. Mnacheka? Jaribuni. Kiwanda kilikuwa na aina nne za sabuni ya mche na kilitaka kujua tofauti yake ni ya kweli au ni maneno ya wenye duka. Bwana Miwani alikuwa na kitabu kilichotoka ng'ambo chenye kipimo kilichobuniwa na Mmarekani mmoja, mtu wa uchumi. Mzee Athumani alikisoma kitabu kile kuliko mwenyewe. Alinieleza siku ya kwanza, tumesimama dirishani.

"Mke wa fundi wa magari anafua mafuta," alisema. "Mke wa karani anafua jasho la kalamu. Ukimpa huyu sabuni hii na yule sabuni ile, umepima sabuni au umepima waume?"

"Waume, Mzee."

"Basi kila mwanamke apewe zote nne. Nguo zake, maji yake, mikono yake. Halafu usimuulize povu ni kiasi gani, maana povu halina rula. Muulize tu ipi mbele, ipi nyuma."

Hapo ndipo penye ujanja wote. Kila mwanamke anapanga sabuni zake nne: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Wewe unajumlisha. Wakiwa wanawake kumi na wawili na sabuni hazina tofauti, kila sabuni itazunguka kwenye thelathini, kwa kuwa huyu kaipandisha na yule kaishusha. Jumla zikiachana sana na thelathini, kuna jambo. Ili kujua zimeachana kiasi gani, unazidisha kila jumla kwa yenyewe, unaziunganisha, unazidisha kwa kumi na mbili, unagawa kwa mia mbili na arobaini, unatoa mia moja na themanini. Namba inayobaki unaipeleka kwenye jedwali nyuma ya kitabu. Kwa sabuni nne, ikizidi saba na kitu, si bahati tena. Nimeyaandika haya bila kufungua kitabu chochote, na kama mna shaka hesabuni wenyewe. Ningekuwa ninyi ningehesabu.

Mara ya kwanza nilipotumwa peke yangu niliharibu. Nilikwenda mferejini kwetu Kaloleni, nikawaambia akina mama waipe kila sabuni namba, moja mpaka nne. Nikarudi na jumla zilizoshikana kwenye thelathini kama pacha wanne. Nikamwambia Bwana Miwani kwa sauti ya mtaalamu kwamba sabuni zote ni sawa. Mzee Athumani akangoja tubaki wawili.

"Uliwaambia moja ni nini?"

"Moja ni moja, Mzee."

"Shuleni kwenu aliyepata alama nne kati ya nne alichapwa?"

Nusu ya wanawake walikuwa wameipa sabuni bora moja, na nusu walikuwa wameipa nne, kwa sababu nne ni nyingi kuliko moja na kizuri hupewa kingi. Walikuwa na akili kunishinda. Kuanzia siku hiyo Mzee Athumani hakutaja namba mbele ya mtu. Aliwaambia wazilaze sabuni kwenye jiwe la kufulia kwa mstari, kuanzia ile ambayo mtu hangekubali kuibiwa mpaka ile ambayo angempa jirani asiyempenda. Walikuwa wanacheka, wanapanga, na wewe unaandika. Zikifungana mbili katikati, ya pili na ya tatu, kila moja unaipa mbili na nusu. Bwana Miwani hakuzipenda hizo nusu, alidhani tumechoka. Mimi nazipenda mpaka leo. Mtu anayekubali kusema "hizi mbili sijui" namwamini zaidi kidogo.

Na msiulize ndiyo au hapana kama mnaweza kuepuka. Tuliwahi kuwauliza akina mama wale wale, kwa kila sabuni, kama inawawasha mikono. Wote walisema hapana kwa zote, kwa adabu, huku wengine wakijikuna.

Kabla yangu kulikuwa na karani mwingine, Zakayo. Huyo nilimkuta akiwa ni hadithi tu. Alichoka kutembea juani, akawa anajaza karatasi zake kwenye kibanda cha chai, na mandazi juu. Mzee Athumani alimkamata bila kutoka ofisini. Sabuni nne zinaweza kupangwa kwa njia ishirini na nne. Karatasi kumi na mbili za Zakayo zilikuwa na mipangilio kumi na miwili, hakuna hata mmoja uliorudiwa. "Watu wa kweli hugongana," Mzee aliniambia. "Mwongo huogopa kufanana. Hutawanya, hutawanya, mpaka unamwona kwa kutawanya kwake." Nililiandika neno hilo ndani ya jalada la daftari langu. Kuliandika na kulishika ni mambo mawili.

Sasa sikilizeni.

Mwaka mmoja kiwanda kilitengeneza sabuni mpya, laini, yenye povu jingi na harufu kama ya maua. Ilipangwa ipimwe pamoja na nyingine tatu. Zote zilikatwa bila chapa na kufungwa uzi: ile mpya uzi mwekundu, na nyingine mweupe, buluu na mweusi. Mweusi ulikuwa sabuni yetu ya zamani, ngumu kama tofali, ambayo ukimpiga nayo mwizi anakimbia. Mimi nilipewa wanawake kumi na wawili Kaloleni. Mzee Athumani alipewa kumi na wawili Shauri Moyo, alikokaa. Kila mwanamke afulie zote kwa majuma manne, halafu azipange.

Karatasi zangu zilikuwa vurugu ya kawaida ya binadamu. Nyekundu iliongoza kidogo, na namba ya mwisho haikufika hata nne. Kisha nikapewa za Mzee Athumani nizihesabu, kwa maana tulikuwa tunahesabiana.

Nyeusi, buluu, nyeupe, nyekundu. Karatasi ya pili: nyeusi, buluu, nyeupe, nyekundu. Ya tatu hivyo hivyo. Nilifika ya kumi na moja mkono umeanza kuandika kabla ya jicho kusoma. Moja tu ndiyo iliyokuwa tofauti: buluu, nyeusi, nyekundu, nyeupe. Nikakokotoa. Thelathini na tatu na ushei, na kipimo chenyewe, watu wote wakikubaliana kabisa, hakiwezi kupita thelathini na sita. Tofali lilikuwa limeishinda sabuni ya maua kwa wanawake wote kumi na wawili.

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Nilijiambia hivyo, na nikaona nimekuwa hodari. Ningeweza kutembea hatua sita mpaka mezani kwa Mzee nikamuuliza. Sikwenda. Nilichukua karatasi zile nikagonga mlango wa Bwana Miwani. Nataka mjue kwa nini, maana haya ndiyo niliyokuwa nikiyapunguza nikisimulia. Niliogopa udanganyifu, ndiyo. Lakini pia kiti cha Mzee Athumani kilikuwa karibu na dirisha, na mshahara wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, na Rispa alikuwa na mimba ya pili.

Bwana Miwani alizipanga karatasi mezani kama karata. "Hii iko sawasawa sana," alisema kwa Kiswahili chake. "Kwa nini iko sawasawa sana? Nani nafanya sawasawa hii?"

Sikujibu. Nilitazama kiti. Huko kutojibu ndiko kulikojibu.

Mzee Athumani aliitwa kesho yake asubuhi. Mlango haukufungwa vizuri na mimi sikuinuka kuufunga. Aliulizwa kama karatasi zile alizijaza nyumbani. Akasema hapana. Akaulizwa kwa nini basi wanawake kumi na mmoja wana mpangilio mmoja. Akasema, "Bwana, walivyopanga ndivyo nilivyoandika." Alipewa siku saba alete maelezo, la sivyo aondoke.

Kijana wa leo atasema, aondoke akatafute kazi nyingine. Enzi zile nyumba yake Shauri Moyo ilikuwa chini ya jina la kiwanda. Kazi ikiisha, nyumba imeisha, na mtu asiye na mwajiri hakuwa na ruhusa ya kukaa mjini. Jioni hiyo nilimkuta nje ya lango la kiwanda akifunga suruali kwa kibanio cha baiskeli. Nilimwambia, kwa ujinga wangu, kwamba likitokea la kutokea mtu anaweza kwenda nyumbani akapumzika.

"Wewe una kwenu, Joramu," alisema. "Una Bunyore, una mgomba wa baba yako. Mimi babangu alizaliwa Pumwani. Wakiniambia niende kwetu nitapanda basi la wapi?"

Hakusema kwa hasira. Aliniuliza kana kwamba huenda najua. Kwa mara ya kwanza niliona nilichokifanya.

Usiku huo sikula. Asubuhi nilikuwa bado nazifikiria zile karatasi, na neno langu mwenyewe la ndani ya jalada likanirudia kwa kuchelewa: mwongo huogopa kufanana. Mtu aliyemkamata Zakayo, anayejua ishirini na nne zote kwa kichwa, akitaka kudanganya angeandika karatasi kumi na moja zinazofanana? Hata mlevi asingefanya hivyo. Na ile ya kumi na mbili ilitoka wapi? Zilikuwa za kweli, basi. Wanawake kumi na mmoja kweli walilaza sabuni vile. Lakini mbona?

Nikamweleza Rispa yote, isipokuwa habari ya kiti. Rispa alikuwa mtu wa kanisani, mwenye sauti ndogo na macho yasiyopitwa.

"Wewe Baba Ezekieli, kwani mnafikiri wanawake wakiwa mferejini wanafua tu?" aliniambia. "Huyo mmoja amejitenga, ni nani?"

Nilikuwa na namba ya nyumba, nikaulizia. Alikuwa mke kijana anayeitwa Tima, amejifungua, bado yuko ndani ya arobaini yake. Rispa akapiga ulimi. "Ndiyo maana. Huyo hatoki. Maji anachotewa. Hakuwa kwa hiyo mkutano."

Nikamwomba aende, na Jumamosi akachukua kibuyu cha uji wa wimbi akaenda Shauri Moyo kumtazama mzazi. Mwanamke aliyebeba uji wa mzazi haulizwi katoka wapi. Alimpakata mtoto, akamnywesha mama, halafu akachukua nepi zilizorundikana kwenye karai akaenda nazo mferejini. Waliokuwapo walimtazama kwanza kwa pembe ya jicho, kwa vile siku hizo kila mgeni alikuwa mtu wa mtu. Lakini walipoona zile ni nepi za Tima wakampisha kwenye jiwe. Anayemfulia mzazi si mpelelezi. Hivyo ndivyo walivyofikiri, na mimi ndiye niliyekuwa nimemtuma.

Alirudi na habari nzima. Mwaka uliotangulia alipita mtu na karatasi, ana tabasamu, anauliza kila nyumba inalaza watu wangapi, ati wapate kujengewa vyoo zaidi. Wakamjibu kwa ukweli. Majuma mawili baadaye askari walikuja alfajiri wakatoa shangazi na wapwa kutoka chini ya vitanda, na vyoo havikujengwa. Sasa amekuja karani na sabuni za bure. Sabuni za bure! Nani amewahi kuwapa kitu bure? Mmoja wao akasema: wanataka kujua tunapenda ipi, na wakijua ndiyo watakayotubana nayo. Basi tuwasifie hili tofali. Nyekundu tuiweke mwisho, wote, asiwepo wa kutuponza. Wakakubaliana mpangilio, wakaufanyia mazoezi juu ya jiwe. Na nyekundu waliipenda kweli. Walikuwa wakiiweka kwa nguo za watoto na kuogea Ijumaa.

"Na aliyesema hivyo kwanza," Rispa alisema, "ni Mama Hadija."

Mama Hadija alikuwa mke wa Mzee Athumani.

Nilikwenda kwa Mzee Jumapili. Alikuwa barazani anasuka kamba ya kiti. Nilimwambia ninajua.

"Najua unajua," alisema. "Mkeo anafua nepi kwa nguvu kuliko mtu wa kawaida."

"Mzee, mbona hukumwambia Bwana? Ungeokoka siku hiyo hiyo."

"Nimwambie nini? Majirani zangu waongo, na mkuu wao ni mke wangu?" Alivuta kamba kwa meno. "Walipanga, nikaandika, nikapeleka. Kazi yangu ni kupeleka walichosema. Kile wasichotaka kusema ni mali yao."

"Watakufukuza."

"Watanifukuza," alikubali, akaikosea kamba, akaifumua tena. Mtu yule aliogopa. Msidhani watu wa aina hiyo hawaogopi.

Nilirudi nimeamua kumwokoa bila kuwataja wanawake, na nilijiona mwerevu sana. Vipande vya sabuni vilivyobaki vilikuwa vimerudishwa kiwandani vyote, kila kimoja na uzi wake, ndani ya gunia ambalo hakuna aliyelifungua. Jumatatu niliwahi kabla ya kengele, nikavipima kwenye mizani ya maabara, mwanamke baada ya mwanamke. Ipi imeisha zaidi? Nikapanga daraja upya, mara hii kwa uzito na si kwa maneno. Ile nyekundu ilikuwa imebaki kama ganda kwa wanawake kumi kati ya kumi na wawili. Tofali lilikuwa na kona zake zote.

Nikampelekea Bwana Miwani. Nikamwambia: hizi sabuni zimetumika, Bwana, na kila nyumba imezitumia kwa namna yake. Mtu akijaza karatasi kwake mezani, hawezi pia kuzipunguza sabuni za nyumba kumi na mbili kwa vipimo kumi na viwili. Wanawake wapo na wamefua. Athumani hakudanganya.

Alizipitia namba zangu kwa kidole. Akauliza, "Sasa hii bibi napenda nyekundu?"

Hapo nilipaswa kusita. Sabuni laini huyeyuka upesi. Iache tu juu ya jiwe lenye maji, itaisha yenyewe, wala hakuna aliyeipenda. Uzito ule haukuwa ushahidi wa mapenzi, na mimi karani nilijua. Bwana Miwani naye alijua, alikuwa mkemia. Lakini namba ilimpendeza yeye na ilinifaa mimi, na namba ya namna hiyo haiulizwi maswali. Vijana, kama mtasahau yote, ile inayowafaa ndiyo muipekue mpaka mfukoni. Nikasema, "Ndiyo, Bwana."

Mzee Athumani alirudishiwa kazi kabla ya siku saba kuisha. Aliketi kwenye kiti chake cha dirishani, akachonga penseli. Hakunishukuru. Alinitazama mara moja tu na kusema, "Kwa hiyo umewaambia."

"Sikutaja mtu, Mzee."

"Umetaja nyekundu."

Haikupita miezi mitatu ile sabuni ikaingia madukani. Karatasi nyekundu juu yake, jina zuri, picha ya ua. Bei ilikuwa ile ile ya sabuni ya zamani, ila mche ulikatwa mfupi kwa vidole viwili na zaidi, na tofali likaacha kutengenezwa. Wanawake wa Shauri Moyo waliuona mche ule wakaelewa mara moja. Walikuwa wametabiri hivyo hivyo, neno kwa neno. Mimi niliyekuwa na kitabu na jedwali sikutabiri kitu.

Na wao pia walijua kutafuta aliyesema. Nani alikuwa anabeba karatasi? Mume wa nani alikuwa anafukuzwa, halafu ghafla hakufukuzwa? Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na walisema kwa sauti. Siku Mama Hadija alipofika mferejini na karai lake, walisogea wote upande mmoja wakamwachia jiwe zima peke yake. Kesho yake hivyo hivyo. Mwanamke aliyewaunganisha ili wasibanwe ndiye waliyemhesabu msaliti.

Nilipopata habari nilikwenda kwa Mzee Athumani. Nilimwambia nitakwenda Shauri Moyo mwenyewe, nisimame pale mferejini niwaambie ni mimi.

"Uwaambie ulijuaje?" aliuliza.

"Nitasema niliambiwa."

"Watajua ni Rispa," alisema. "Aliingia kwa mzazi na uji. Hilo halisameheki, Joramu, hata mimi nisingelisamehe kama si mkeo. Habari zitafika Kaloleni, naye ana mimba. Mke wangu ni mtu mzima, amezaliwa hapa, atavumilia. Kaa kimya."

Nikakaa kimya. Niliona ni heshima kumtii. Leo naona ilikuwa rahisi, na mimi jambo rahisi likija limevaa heshima sasa hulivua nguo kwanza.

Mama Hadija alianza kwenda kufulia Pumwani kwa dada yake, mwendo wa kwenda na kurudi na karai kichwani. Asubuhi moja ya Jumamosi nilikutana naye njiani, nguo zimelowa na maji yanamtiririka shingoni. Nilitaka kuvuka barabara lakini alishaniona.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Rispa hajambo? Na mimba?"

"Hajambo, Mama."

Alisimama, akashika karai kwa mikono miwili ili aweze kunitazama vizuri. Alikuwa anatabasamu. "Mwambie aje anitembelee," alisema. "Nilimpenda siku ile, anafua kwa moyo. Aje tu hata bila sababu. Siku hizi sina wa kuongea naye."

Nikamwambia nitamwambia. Sikumwambia.